Chambo Hakifuliwi

Katika nyumba ya dobi hakuna kitu kilichosalimika na sabuni. Mashuka ya wateja yalifuliwa, mapazia yalifuliwa, na kamba za kuanikia zilifutwa kila asubuhi kabla ya nguo ya kwanza kupanda. Hata jiwe la kuzuilia mlango lilisuguliwa. Mume wake, dereva wa gari la mikate, alikuwa na mzaha wake. Alisema haogopi kitu hapa nyumbani ila kusimama uani muda mrefu, asije akaanikwa.

Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa mahali pa kazi. Palikuwa na meza ndefu ya kupigia pasi, rafu za nguo zilizokunjwa, na kiti kimoja karibu na dirisha. Kiti hicho kilikuwa cha baba mkwe wa dobi.

Mzee huyu aliendesha winchi bandarini kwa miaka mingi, na watu bado walimwita Winchi. Alistaafu, kisha akafiwa na mke. Mwanawe hakutaka akae peke yake, akaenda kumchukua kwenye mji wake. Mzee alifunga nyumba yake kwa kufuli, akaja na sanduku la nguo na fimbo ya kuvulia samaki.

Mwanzoni alijaribu kusaidia kazi. Siku moja alishika pasi. Akaanza kumsimulia dobi habari za meli iliyowahi kukwama bandarini, na pasi ikakaa juu ya shati. Meli ilipokwamuka, kola ya shati ilikuwa imebaki kwenye pasi. Tangu hapo mzee hakugusa kitu. Alikaa kwenye kiti chake akimsomea dobi gazeti. Aliongeza maneno yake katikati, hata dobi asijue gazeti limeishia wapi na mzee ameanzia wapi.

Dobi alipenda asubuhi hizo. Alikua bila baba. Sasa alikuwa na mtu wa kumwita Baba kila siku, na neno hilo lilimpa raha mdomoni.

Mzee alikuwa na furaha yake moja, nayo ni kuvua. Kulikuwa na gati la zamani ambalo meli hazikulitumia tena. Watu walikwenda pale na fimbo zao kuvua kwa kujifurahisha, kila mtu na kofia yake na uongo wake. Mzee hakutaka samaki wadogo. Alimtaka kolekole, samaki mwenye nguvu anayepita karibu na nguzo za gati alfajiri akiwinda.

Kolekole hupenda chakula kinachokimbia. Kwa hiyo mzee alitaka chambo hai. Jioni alikwenda kwenye maji ya kina kifupi nyuma ya soko, akavua mikizi wadogo wa urefu wa kidole. Aliwaleta nyumbani kwenye ndoo na kuwaweka uani, ili asubuhi aende nao gatini.

Asubuhi aliwakuta wamekufa, matumbo juu.

Dobi alipoona hivyo, alijua sababu. Au alidhani anajua. Ndoo ni chafu, alijiambia. Mzee aliporudi kutoka gatini, dobi aliichukua ndoo akaisugua kwa sabuni ya unga. Mikizi wa jioni ile wakafa. Akaongeza dawa ya kung'arishia mashuka meupe. Wakafa mapema zaidi. Mara nyingine akaisuuza kwa maji ya manukato, yale anayotumia kwa nguo za maharusi. Hao nao wakafa, ila walikufa wakinukia.

Hakuishia hapo. Mzee akiisha kuingia ndani, dobi alimimina jagi la maji ya bomba ndani ya ndoo ili samaki wapate ubaridi. Halafu alibana kifuniko kwa nguvu kwa sababu ya paka. Yote hayo aliyafanya bila kuulizwa na bila kuuliza. Alimtakia mzee mema.

Mzee alikwenda gatini na chambo kilichokufa. Alirudi na visamaki vya kumtosha paka, na paka mwenyewe asiwe na mgeni.

Jioni moja walipokuwa mezani, mzee alisukuma sahani yake kando. Alimtazama mwanawe, halafu akamtazama dobi.

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," alisema. "Mimi nimekaa hapa muda wote huu na jembe lenyewe silioni. Nilishika pasi, nikachoma nguo ya mtu. Nikasema basi nitaleta samaki nyumbani, na samaki naye amenikataa. Mwisho wa mwezi nitarudi kwangu."

Mwanawe alimwambia kwamba hakuna anayemhesabia chakula. Mzee alicheka kidogo, akasema anajua, ndiyo maana anajihesabia mwenyewe. Kisha akashukuru kwa chakula kama anavyoshukuru kila siku, akaenda chumbani.

"Baba akishasema, amesema," mume wa dobi alinong'ona.

Dobi alikusanya vyombo. Aliosha sahani moja kwa muda mrefu. Aliona huzuni kweli kweli. Kule kwake mzee angekaa na kuta nne, na gazeti angemsomea nani?

Kesho yake aliacha pasi, akavuka barabara kwenda kwa Mama Vioo. Mama huyu alikuwa na duka la samaki wa mapambo. Duka zima lilikuwa matangi ya vioo, na ndani yake samaki wa rangi kila namna wakizunguka kama watu wasiokuwa na kazi. Dobi aliomba dawa ya samaki.

"Wanaumwa ugonjwa gani?" Mama Vioo aliuliza.

"Ugonjwa wa kufa."

Mama Vioo alimwambia dawa ya huo hauzi. Akafunga duka, akamfuata mpaka uani. Aliinua ndoo ya chambo, akaingiza pua ndani. Akapiga chafya.

"Dobi wangu, ndoo hii unaiosha kwa kitu gani?"

Dobi alimtajia kila kitu kwa fahari kidogo, sabuni, dawa ya kung'arishia, na manukato ya maharusi. Mama Vioo aliketi kwenye ngazi akacheka mpaka akashika mbavu. Alipoona uso wa dobi, akaacha kucheka na kumvuta mkono akae naye.

"Nisikilize," alisema. "Mimi na wewe tunavuta hewa kwa pua. Samaki anaipata hewa yake ndani ya maji, kwa mashavu yake. Mle ndani ya mashavu ni laini kuliko kope ya mtoto. Sabuni kidogo tu inamuunguza. Na ule utelezi ulio mwilini mwake si uchafu. Ndio nguo yake, unamkinga na maradhi. Wewe unamvua nguo, halafu unashangaa amekufa."

"Lakini nasuuza mara tatu."

"Suuza hata saba. Tazama mikwaruzo hii. Sabuni imejificha humo inakusubiri uondoke."

Dobi aliitazama ndoo. Ilikuwa inang'aa. Hakuwahi kuona kitu kisafi namna ile kikimchukiza.

"Kwa hiyo ninayewaua ni mimi," alisema.

"Ni wewe na mapenzi yako. Mapenzi nayo hutaka maelekezo."

Mama Vioo alimweleza na mengine. Maji ya bomba yametiwa dawa ya kuua vijidudu, na tena hayana chumvi. Samaki wa baharini anataka maji ya baharini, yale yale aliyovuliwa ndani yake. Kifuniko kilichobanwa hakipitishi hewa. Na ndoo ile ni ndogo kwa samaki wengi. Wakijaa, wanamaliza hewa ya majini haraka, kama watu waliofungiwa chumba kisicho na dirisha. Ukiwaona wanakuja juu kuhema, alisema, ujue wanakuomba msaada.

Alimpa beseni kubwa la duara lililokuwa halijaguswa na sabuni. Samaki hapendi kona, alieleza, maana hujigonga humo. Akamkopesha na pampu ndogo ya hewa inayotumia betri, ile inayotoa mapovu ndani ya tangi. Kuanzia leo, alimwambia, chombo cha chambo kisuguliwe kwa maji ya bahari na chumvi tu, kikauke juani, basi.

Kazi ngumu ilibaki. Dobi alirudi chumba cha mbele. Mzee alikuwa kitini, gazeti likiwa magotini. Dobi alisimama mbele yake akiwa bado na aproni.

"Baba, naomba unisamehe. Chambo chako nimekuwa nikikiua mimi. Ile ndoo naiosha kwa sabuni."

Alisema yote bila kupumzika, pamoja na jagi la maji na kifuniko. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

"Sabuni niliisikia," alisema.

"Ulijua?"

"Tangu siku ya pili. Harufu ile hata marehemu angeisikia."

"Sasa mbona hukuniambia, Baba?"

Mzee alinyoosha gazeti ambalo halikuwa na mkunjo. "Mkwe, mtu anakufulia, anakupikia, anakuoshea na ndoo. Utaanzaje kumwambia ndoo usiioshe hivi? Nilinunua ndoo nyingine, ukaiosha nayo. Nikaificha nyuma ya choo, ukaifuata huko huko. Nikaona bora ninyamaze."

Dobi alitaka kucheka na kulia kwa wakati mmoja. Alivuta kigoda akakaa.

"Mteja nikimharibia shati hunipigia kelele mpaka mtaa wa pili," alisema. "Wewe nimekuharibia miezi, umekaa kimya. Baba, kimya chako ndicho kinachotaka kukuondoa hapa. Nikikosea, niambie."

Mzee aliweka gazeti kando. Aliuliza tu kama beseni lile la Mama Vioo lingeingia kwenye mkokoteni wa nguo.

Liliingia. Jioni hiyo walikwenda pamoja kwenye maji ya nyuma ya soko. Mzee alikuwa na kimia, wavu wa duara wenye vipande vya risasi pembeni vya kuuzamisha, ambao hurushwa ukafunguka na kuangukia samaki. Alikwishauliza ofisi ya uvuvi, akaambiwa mahali pale kimia kinaruhusiwa kwa chambo. Kila mahali pana sheria yake, alimwambia dobi, na asiyeuliza hupoteza kimia na heshima.

Mzee alirusha. Bega lake lilikuwa limechoka kwa kazi ya miaka. Kimia kikaanguka kimejikunja, na mikizi wakatawanyika. Akarusha tena, ikawa vile vile.

"Hebu nijaribu, Baba."

Mzee alimwonyesha pa kushika, jinsi ya kugawa wavu mikononi, na jinsi ya kuzungusha kiuno kabla ya kuachia. Mara ya kwanza dobi alijivua mwenyewe. Mara ya pili alikumbuka shuka bichi linavyokung'utwa kabla ya kupanda kwenye kamba. Akakung'uta. Kimia kikafunguka chote, kikashuka juu ya maji kama kitambaa cha meza.

"Loo," mzee alisema taratibu. "Kumbe kazi ya dobi ina faida."

Wakavuta. Ndani mlikuwa na mikizi wadogo wakirukaruka kwa hasira. Dobi alitaka kuwashika kwa kitambaa, mzee akamzuia. Mkono mkavu na kitambaa humvua samaki utelezi wake. Ulowanishe mkono kwanza, au bora zaidi umchote kwa kijiwavu kidogo. Walichagua wale wazima wasio na jeraha, kumi na kitu tu, wengine wakawaachia pale pale. Beseni walilijaza maji ya mahali hapo hapo. Wakalifunika kwa wavu, maana mkizi ni mrukaji. Mzee alikumbuka msemo wa watu, kwamba hasira za mkizi ni furaha ya mvuvi, akasema mwenye msemo huo hakuwahi kuwa na beseni lisilo na kifuniko.

Nyumbani waliliweka beseni kivulini, pampu ikitoa mapovu. Walikuwa wamejaza na dumu moja la maji ya bahari. Kabla ya kulala mzee alichota sehemu ya maji ya zamani na kutia mapya pole pole. Maji yasibadilishwe yote kwa mpigo, alieleza, samaki hushtuka. Hakuwapa chakula, kwa sababu samaki aliyeshiba huchafua maji. Na kwa kuwa siku ilikuwa na joto, Mama Vioo aliwapa chupa ya maji yaliyoganda. Waliiweka ndani ikiwa imefungwa kizibo. Barafu yenyewe isiingie majini, kwa sababu ikiyeyuka ni maji ya bomba.

Dobi alipita uani akiwa na tambara mkononi. Alilitazama beseni. Lilikuwa na alama ya mchanga ukingoni. Mkono ukamwasha. Akalirudisha tambara ndani.

Alfajiri mzee aliinua wavu. Mikizi karibu wote walikuwa wakizunguka beseni, wepesi, macho maangavu. Mmoja tu alikuwa amelala ubavu. Mzee alimtoa haraka, maana anayekufa huwaharibia maji walio hai. Kisha akagonga dirisha la mwanawe na kumwita aje kuona. Mume wa dobi alitoka na kiatu kimoja, akachelewesha mikate ya watu kwa ajili ya samaki wa kidole.

Dobi naye alifunga chumba cha mbele siku hiyo. Gatini watu walikuwa wameanza kukaa. Mzee alichagua mahali karibu na nguzo, akafungua kiboksi cha ndoano. Sasa alikuwa mtu mwingine. Sauti yake ilikuwa ile ya winchi, ya mtu anayejua mzigo unakwenda wapi.

"Kwanza ndoano," alisema. "Isiwe kubwa ikamlemea. Chambo kinachoburuta chuma hakiogelei, kinazama. Hii ncha yake imepinda kuelekea ndani. Humshika samaki pembeni ya mdomo, haimezwi. Na mdogo ukimpata, unamrudisha majini akiwa mzima."

Alilowanisha mkono, akamshika mkizi bila kumbana. Alimwonyesha dobi njia ya kwanza. Maji yakiwa yanakwenda kwa kasi, unapitisha ndoano kwenye midomo, kutoka chini kwenda juu, ili samaki aelekee mbele na kuendelea kupumua. Njia ya pili ni ya maji yaliyotulia, unapotumia boya. Unapitisha mgongoni, mbele kidogo ya pezi, chini ya ngozi tu, juu ya uti. Ukigusa uti wa mgongo, umemuua. Kwa vyovyote ncha ibaki nje, isizikwe kwenye nyama.

Asubuhi ile maji yalikuwa yametulia. Mzee aliweka mmoja mgongoni na kumshusha taratibu, bila kumtupa kwa nguvu. Boya likaanza kutembea lenyewe huku na huku. Dobi alishangaa kuona uzi una uhai.

"Sasa tunafanyaje?" aliuliza.

"Tunakaa."

Wakakaa. Mzee alimsimulia tena habari za meli iliyokwama, na safari hii hapakuwa na pasi. Boya likaanza kuhangaika. Mkizi alikuwa anakimbia kitu. Halafu boya likazama na uzi ukatoka kwa kelele.

Dobi alitaka kuikamata fimbo aivute. Mzee alimzuia kwa kiwiko. "Ndoano hii haivutwi kwa ghafla. Mwache aondoke nayo. Uzi ukikaza, atakuwa amejishika mwenyewe."

Uzi ukakaza. Fimbo ikapinda. Mzee aliinuka, akaweka miguu sawa, akaanza kufanya kazi. Samaki alikwenda kwenye nguzo, mzee akamrudisha. Alikwenda chini, mzee akamsubiri. Bega lilipoanza kutetemeka, alimwita dobi bila kugeuka. Dobi alishika fimbo pamoja naye kwa mikono yake ya kukamua mablanketi. Kinyozi mmoja aliyekuwa akivua jirani yao akaingiza wavu wa mpini mrefu majini. Kolekole akapanda juu, mpana, anang'aa, akipiga mkia sakafuni.

Mzee alikaa chini. Alikuwa anahema na kucheka, na machozi yalikuwa yakimtoka, wala hakuyafuta. Dobi naye alicheka. Alijisikia mwenye furaha kuliko siku nyingi alizozikumbuka.

Kabla ya kurudi nyumbani walipitia nyuma ya soko. Mikizi waliobaki waliwaachia pale pale walipowavua. Samaki wa maji haya asimwagwe kwenye maji mengine, mzee alisema, hatujui atapeleka ugonjwa gani.

Jioni kolekole alijaa sinia. Mama Vioo aliitwa, akaja na pampu nyingine, akasema hii ni ya kuuza, ile ya kukopesha amechoka kuikosa. Wote wakala. Mume wa dobi alikumbuka jambo lililokuwa likimsumbua. Alimuuliza baba yake kama amtafutie nafasi kwenye basi la mwisho wa mwezi.

Mzee alitafuna kwanza. Akameza. Akamtazama dobi.

"Mkwe," alisema, "samaki ni mzuri. Lakini chumvi imezidi."

Mume wa dobi aliacha kula. Tangu baba yake aingie katika nyumba ile, hakuwahi kusema neno juu ya chakula ila kushukuru. Aligeuka kumtazama mkewe, akitazamia uso wa kununa.

Dobi alikuwa anatabasamu. "Nimesikia, Baba. Kesho nitapunguza."

"Ukipika hivyo hivyo, kesho nitakwambia tena," mzee alisema, akachukua kipande kingine. Kisha akamgeukia mwanawe. "Na wewe achana na mambo ya basi. Ile nyumba yangu kule, itafutie mpangaji."